Tor, VPN, Psiphon au Briar: mtandao ukifungwa, ushike kipi?

Uchaguzi ukikaribia, makundi ya WhatsApp hujaa ushauri wa aina moja: pakueni VPN mapema. Si ushauri mbaya, ila unatibu ugonjwa mmoja tu kati ya miwili, na watu wengi hugundua hivyo siku ile ile wanapoihitaji dawa.

Kuna kufungiwa na kuna kuzimwa. Tanzania ilipoufungia mtandao wa X tarehe 20 Mei 2025, intaneti iliyobaki iliendelea kama kawaida. YouTube ilicheza, barua pepe zilifika, X peke yake ndiyo iliyogoma. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi mkuu, lilikuwa jambo jingine kabisa: intaneti ilikatwa nchi nzima, ikaanza kurudi Novemba 3. Siku hizo, mtu mwenye VPN nzuri ya kulipia kwa dola alikuwa sawa na asiyekuwa nayo, kwa sababu VPN husafiri ndani ya intaneti, na intaneti yenyewe haikuwapo. Waganda waliyaona yote mawili ndani ya wiki moja Januari 2021. Kwanza mitandao ya kijamii na maduka ya programu yalifungiwa, kisha usiku wa kuamkia kura kila kitu kikazimwa kwa takriban siku tano, na intaneti iliporudi Facebook haikurudi nayo. Kongo ilikuwa kali zaidi: kuanzia Desemba 31, 2018, baada tu ya kura, intaneti na hata SMS zilikatwa kwa karibu siku 20.

Kwa hiyo ninapolinganisha zana hizi hapa chini, naziuliza maswali mawili. La kwanza: inasaidia mtandao ukifungiwa, ukizimwa, au kote? La pili ndilo linalosahaulika: unataka tu kurasa zifunguke, au unataka pia asijulikane aliyezifungua? Zana inayofungua haraka na zana inayokuficha vizuri ni nadra kuwa kitu kimoja, na aliyechagua moja akidhani ni nyingine anaweza kulipa gharama kubwa.

VPN ya kawaida

VPN ni seva ya kampuni fulani, mara nyingi iliyoko Ulaya au Marekani. Simu yako inaongea nayo kwa njia iliyofichwa, nayo inakuletea kurasa unazotaka. Kampuni yako ya simu inaona tu kwamba unawasiliana na seva ya Uholanzi. Haioni kama ulikuwa X au ulikuwa unasoma mapishi. Kwa tovuti iliyofungiwa, hii inatosha. Ufungiaji mwingi wa kwetu hufanywa katika kampuni za simu, ama kwa kudanganya jibu simu inapouliza anwani ya tovuti, ama kwa mitambo inayosoma jina la tovuti, ambalo kivinjari hulitaja wazi mwanzoni mwa mawasiliano hata kama yanayofuata yamefichwa. VPN hulificha jina hilo.

Kwa kasi, hakuna inayoishinda. Video inacheza, simu za WhatsApp zinapigika, na huhitaji kujifunza lolote zaidi ya kubonyeza kitufe kimoja.

Sasa ubaya wake. Yale yote ambayo kampuni ya simu ilikuwa ikiyaona kuhusu safari zako mtandaoni, sasa anayaona mwenye VPN. Kama humjui, hujui umejikabidhi kwa nani. Mwaka 2016 watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, walichunguza programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikuficha data hata kidogo, na asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Asilimia 75 zilibeba vifuatiliaji vya kampuni nyingine. Na si wajanja wa vichochoroni peke yao: Onavo, VPN ya bure iliyomilikiwa na Facebook, ilikuwa ikiitumia njia hiyohiyo kuijulisha Facebook watu wanatumia programu zipi. Ilifungwa mwaka 2019 baada ya makelele mengi. Ukiona VPN ya bure isiyo na jina la kampuni, isiyo na ofisi, na yenye matangazo kila ukigusa, iache hapo ilipo.

Kati ya za bure, ninayoipendekeza bila kusita ni Proton VPN ya Uswisi, kwa sababu toleo lake la bure halina kikomo cha data na lina njia iitwayo Stealth inayojifanya mawasiliano ya kawaida ya tovuti. Jambo hilo lina uzito. VPN nyingi zina namna yao ya kubisha hodi ambayo mitambo ya ufungiaji huitambua mara moja, ndiyo maana Uganda mwaka 2021 VPN nyingi zilifungiwa pamoja na mitandao yenyewe.

Kuna mambo mawili ya kwetu ambayo makala za Ulaya hazikuambii. La kwanza ni bando. Bando la WhatsApp au la mitandao ya kijamii linafanya kazi kwa sababu kampuni ya simu inatambua kwamba trafiki hiyo ni ya WhatsApp. Ukiwasha VPN haitambui tena, na megabaiti zinakatwa kwenye bando la kawaida au kwenye salio. Watu hulalamika kwamba VPN "inakula bando", kumbe ni bando lao maalumu ndilo lililoacha kuhesabika. La pili ni sheria. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2020 zinakataza kutumia zana za kupita vizuizi kufikia maudhui yaliyokatazwa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili kwanza. Mtu anayetumia VPN ya ofisi kwa kazi zake anaweza kusajili akalala usingizi. Wengine wote waamue wakijua uzito wa wanachokiamua, na hilo linagusa zana zote zinazofuata, si VPN pekee. Kwa ndugu walioko Ghuba, angalieni zaidi: Falme za Kiarabu zinatoza faini kuanzia dirhamu 500,000 kwa anayetumia VPN kutenda kosa, na huko hata simu za WhatsApp zimezuiwa.

Kuna njia ya katikati ambayo nadhani inastahili umaarufu zaidi kuliko ilio nao: Outline. Ilitolewa mwaka 2018 na Jigsaw, wakati huo kampuni dada ya Google. Badala ya kumwamini mgeni, ndugu au shemeji yako aliye Minnesota au Leicester anakodi seva ndogo, dola 5 hivi kwa mwezi, anaiwekea Outline, kisha anawatumia familia ufunguo kwa ujumbe. Seva hiyo haimo kwenye orodha ya mtu yeyote ya VPN za kufungiwa, na anayeona mnakopita ni shemeji yako. Kama unamwogopa shemeji, hilo ni shauri jingine.

Psiphon

Psiphon ilizaliwa mwaka 2006 katika Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto, na tangu mwanzo haikukusudiwa kuwa duka la VPN. Ilitengenezwa kwa kazi moja: kupenya. Ukiiwasha, inajaribu njia nyingi kwa pamoja na seva nyingi, na inayopita kwanza ndiyo inayoshikwa. Seva ikifungiwa asubuhi, mchana programu imeshapata nyingine bila wewe kugusa kitu. Waganda waliifahamu vizuri Februari 2016 mitandao ya kijamii ilipofungiwa siku ya kura, na tena kuanzia Julai 2018, serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa anayetaka kutumia Facebook, WhatsApp au X, wakati huo ikiitwa Twitter. Kodi ile ilikufa mwaka 2021, ikabadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data. VPN na Psiphon zilibaki kwenye simu za watu.

Ikilinganishwa na VPN ya kawaida, Psiphon ni ngumu zaidi kufungiwa ila ni ya polepole zaidi katika toleo la bure, na ina matangazo. Wenyewe wanasema wazi kwamba lengo lao ni kukufikisha, siyo kukuficha usijulikane. Naupenda ukweli huo. Mama anayeuza vitenge Instagram na ambaye siku tatu bila mtandao ni siku tatu bila wateja, hana haja ya kitu kingine. Akiiweka Psiphon, basi.

Jambo la kiufundi la kukumbuka: duka la programu lenyewe huweza kufungiwa kabla ya kitu kingine, kama ilivyotokea Kampala. Ukituma barua pepe tupu kwa get@psiphon3.com unaletewa viungo vya kupakulia. Ila ni bora zaidi kuwa na faili la APK, lile la kusakinishia programu kwenye Android, kwenye simu tayari, ukaweza kumrushia jirani.

Tor

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo penye kutoelewana kwingi.

Wazo la Tor lilitoka katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990. Programu yenyewe ikawekwa hadharani mwaka 2002, na shirika lisilo la faida linaloitunza likaundwa 2006. Badala ya seva moja ya kampuni moja, kuna maelfu ya vituo vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea duniani. Mawasiliano yako hupita katika vitatu kati ya hivyo, yakiwa yamefungwa kama barua ndani ya bahasha ndani ya bahasha, kila kituo kikifungua ya kwake tu. Kituo cha kwanza kinakujua wewe lakini hakijui unakwenda wapi. Cha tatu kinajua unakokwenda lakini hakijui nani ametuma. Cha katikati hakijui lolote kati ya hayo mawili.

Tofauti na VPN iko hapo: hakuna mtu mmoja wa kumwamini, na hakuna mtu mmoja wa kumpelekea hati ya mahakama akatoa kumbukumbu zako. Mwandishi anayepokea nyaraka, mtumishi anayetaka kufichua wizi kazini kwake, mwanamke anayetafuta msaada na mumewe ndiye mwenye mamlaka mtaani: hawa VPN haiwatoshi, na Psiphon imeshasema haiwaahidi.

Lakini Tor haifichi kila kitu, na wanaoitangaza wana kasumba ya kuyaruka haya. Kituo cha tatu, kile cha kutokea, kinaweza kusoma kila kinachopita kama tovuti unayoitembelea haina kufuli la https. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Facebook yenye jina lako la ubatizo, umejitaja mwenyewe. Na kubwa zaidi kwa sisi: kampuni ya simu haioni unafungua nini, ila inaweza kuona kwamba *unatumia Tor*, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Desemba 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya bomu kupitia Tor ili mtihani uahirishwe. Tor haikuvunjwa. Wachunguzi waliangalia tu nani kwenye mtandao wa chuo alikuwa akitumia Tor saa ile, wakakuta ni wachache, wakaenda kuongea nao. Yule alistahili kukamatwa, lakini hesabu ni ileile kwa asiyestahili: ukiwa peke yako unayetumia Tor wilaya nzima, kule kujificha kwenyewe ndiko kunakokuonyesha.

Dawa ya hilo ni madaraja. Daraja ni kituo cha kwanza ambacho anwani yake haimo kwenye orodha ya wazi, na linabadilisha sura ya mawasiliano yako. Lile liitwalo obfs4 linayafanya yaonekane takataka zisizo na umbo. Snowflake inayafanya yaonekane simu ya video, yakipitia kivinjari cha mtu wa kawaida aliyejitolea mahali fulani. WebTunnel, iliyokuja 2024, inajifanya ziara ya kawaida kwenye tovuti. Iran ilipobana mtandao Septemba 2022, maelfu kwa maelfu walikimbilia Snowflake, na Urusi ilipoanza kuifungia Tor Desemba 2021 madaraja ndiyo yaliyowabeba watu. Kwa Afrika Mashariki ushauri wangu ni kuanza moja kwa moja na daraja, hata kama Tor bila daraja inafunguka. Kwenye Tor Browser ni mipangilio ya muunganisho, unachagua daraja, unawasha. Kama tovuti ya Tor haifunguki, gettor@torproject.org hutuma programu kwa barua pepe, na kwenye Telegram kuna roboti wa kugawa madaraja aitwaye GetBridgesBot. Angalizo kwa Wakenya: Telegram nayo iliwahi kufungiwa Novemba 2023 na Novemba 2024 wakati wa mitihani ya kitaifa, kwa hiyo msiitegemee peke yake.

Kasi? Ya polepole. Utasoma habari, utatuma barua, picha itapanda ukiwa na subira, video iache. Tovuti nyingi zitakuuliza mara kumi kama wewe ni binadamu. Usiitumie kwa programu ya benki, maana benki ikiona unaingia leo kutoka Romania na baada ya dakika kumi kutoka Kanada inaweza kuifunga akaunti, na haitakuwa imekosea. Wenye Android wanapata Tor Browser kamili, au Orbot inayopitisha programu nyingine ndani ya Tor. Wenye iPhone wana Onion Browser.

Kitu kimoja Tor inacho ambacho VPN haina kabisa ni tovuti za ndani zenye anwani za .onion, ambazo hazitoki nje ya Tor kwa hiyo kile kituo cha kutokea hakihusiki. BBC wanayo tangu 2019, Facebook tangu 2014, na Deutsche Welle pia wanayo. Msomaji anayetaka habari tu, bila kuacha alama, huo ndio mlango wake bora.

Intaneti ikizimwa: Briar na wenzake

Yote niliyoyataja hadi hapa hayana kazi kabisa siku kama ile Oktoba 29. Kinachobaki ni simu kuongea na simu bila mnara, kwa Bluetooth au Wi-Fi, na hapo chaguo ni chache na ahadi ni nyingi kuliko uwezo.

Briar, iliyofikia toleo la kwanza kamili mwaka 2018, ndiyo ninayoiamini zaidi. Haina seva popote. Mnaongezana kwa kuchanganua msimbo mkiwa ana kwa ana, na ujumbe unafichwa kutoka simu hadi simu. Intaneti ikiwapo inapita ndani ya Tor. Isipokuwapo inatumia Bluetooth au Wi-Fi. Kwa simu, ni ya Android tu. Na watu huielewa vibaya sehemu moja: ujumbe wako wa faragha hauruki kutoka simu ya mpita njia mmoja hadi mwingine mpaka ufike Mbagala. Unafika kwa rafiki yako mkikaribiana. Katika makundi na majukwaa, hata hivyo, kila mwanachama hubeba nakala na kuwapa wanachama wengine anaokutana nao. Kwa hiyo kundi la waangalizi wa kura lenye watu wachache wanaozunguka kwa bodaboda kati ya vituo linaweza kweli kusambaza taarifa siku nzima bila data. Familia iliyotawanyika, mmoja Kigamboni mwingine Tegeta, haitapata kitu. Uzuri mwingine ni kwamba Briar inaweza kujigawa yenyewe: simu moja inawasha hotspoti, nyingine inapakua programu hapohapo.

Wapo wanaoahidi kuruka simu kwa simu. Bridgefy ilipata umaarufu katika maandamano ya Hong Kong 2019, lakini mwaka 2020 watafiti wa Royal Holloway, London, walionyesha kwamba ujumbe wake ungeweza kusomwa na watumiaji kufuatiliwa. Ilirekebishwa baadaye, ila mwaka 2022 watafiti walionyesha kwamba bado ilikuwa na matundu. Bitchat, aliyoitoa Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, Julai 2025, inaruka simu kwa simu kupitia Bluetooth na haihitaji namba wala akaunti, ila yeye mwenyewe aliweka tahadhari kwamba ilitolewa kabla ya kukaguliwa kiusalama na watu wa nje. Kwa kuulizana "mko salama?" ndani ya ukumbi au sokoni, sawa. Kwa siri inayoweza kumfunga mtu, hapana. Na zote zinategemea wingi. Bluetooth inafika mita kumi hivi kwa uhakika, kwa hiyo Kariakoo yenye watumiaji wengi ni mtandao, na kijiji chenye watumiaji wawili ni watu wawili wenye programu.

Dishi na laini ya jirani

Starlink, intaneti ya setilaiti, inatajwa kila tukizungumza kuzimwa. Kenya ipo tangu Julai 2023, na Sudan mtandao ulipokatika Februari 2024 madishi yaliyoingizwa kimagendo ndiyo yaliyowafanya watu waweze kupokea pesa za kununulia chakula. Ni ya haraka kuliko zote humu. Lakini haistahimili amri: ni kampuni inayofuata leseni, inajua dishi lako liko wapi, na Aprili 2024 ilianza kuwaonya watumiaji wa nchi ambako haina kibali kwamba itawakatia. Dishi juu ya bati linaonekana pia kwa kila anayepita barabarani.

Laini ya nchi jirani imesaidia watu wengi zaidi kimyakimya. Kongo ilipozimwa, watu wa Goma walitumia laini za Rwanda, na Kinshasa karibu na mto walishika mawimbi ya Brazzaville. Aliye Namanga, Mutukula au Tunduma ana zana hiyo mfukoni tayari. Aliye Dodoma hana.

Hyphanet, I2P na IPFS: kwa anayechapisha

Hizi nitazipitia haraka kwa sababu si za msomaji bali za mtu mwenye kitu asichotaka kifutwe.

Hyphanet ndiyo ile Freenet iliyoanzishwa na Ian Clarke akiwa mwanafunzi Edinburgh, ikatolewa mwaka 2000 na kubadilishwa jina 2023. Faili lako linakatwa vipande, vinafichwa, vinatawanywa kwenye diski za watumiaji, na hakuna ajuaye amehifadhi nini. Hakuna seva ya kuvamia. Lakini kisichosomwa hufifia na kupotea, huwezi kuitumia kufungua tovuti za kawaida, na inataka kompyuta iliyowashwa muda mrefu. Kwa umeme wetu, mhm. I2P inafanana na tovuti za ndani za Tor, ina watumiaji wachache, na sijaona sababu ya mtu wa huku kuichagua mbele ya Tor.

IPFS ni tofauti. Inahifadhi kwa alama ya yaliyomo, si kwa anwani ya seva, hivyo nakala yoyote popote ni sahihi na haiwezi kuchakachuliwa kimyakimya. Uturuki ilipoifungia Wikipedia Aprili 2017, nakala ya Wikipedia ya Kituruki iliwekwa humo, na kizuizi kile kilidumu mpaka Januari 2020. Inafaa kwa kumbukumbu: ripoti, matokeo ya fomu za vituo, picha. Haikufichi hata kidogo, wewe uliyeweka wala yule anayesoma, na faili linadumu tu kama kuna mtu ameamua kulitunza. Chombo cha habari kilichosimamishiwa leseni, kama JamiiForums ilivyosimamishwa kwa siku 90 Septemba 2025, kingeweza kuweka hifadhi yake ya zamani huko bila shida. Mijadala hai, hapana.

Kama ningekuchagulia

Mfanyabiashara na mwanafunzi: Psiphon, na Proton VPN kama akiba. Familia yenye ndugu nje: Outline. Mwandishi, wakili, mtu wa haki za binadamu: Tor yenye daraja, ujumbe kwa Signal, na VPN ya bure asiiguse kabisa kwenye simu hiyohiyo. Kundi la watu wanaokutana uso kwa uso: Briar, na waongezane wiki kadhaa kabla, kwa sababu siku ya kuzimwa hakuna wa kupakua chochote. Kila mtu: redio ndogo ya betri yenye masafa mafupi, na namba za watu muhimu zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi. Nani siku hizi anajua kwa kichwa namba ya dada yake?

Ukitaka kujua kabla ya kubahatisha kama ni kufungiwa au ni mtandao mbovu tu, weka OONI Probe. Inapima tovuti moja moja kwenye laini yako na kusema imezuiwa kwa namna gani. Fahamu tu kwamba vipimo vyake huchapishwa hadharani na kuonyesha vimetoka kampuni gani ya simu.

Na mlioko Toronto, Oslo, Columbus na kwingine ambako hakuna anayewagusa, kuna kazi isiyowagharimu hata senti. Kiongezi cha Snowflake kwenye Firefox au Chrome kikiwashwa, kivinjari chako kinakuwa daraja la mtu aliyefungiwa huku wewe ukiendelea na shughuli zako. Hutoonekana wewe ndiye uliyefungua kurasa zake, maana yeye anatokea kwenye kituo cha mwisho cha Tor, sio kwako. WhatsApp nayo tangu Januari 2023 inakubali kupitishwa kwenye seva ya wakala inayowekwa na mtu yeyote, na Signal ilianza hivyo 2021. Mwenye ujuzi kidogo wa seva anaweza kuiwekea ukoo mzima, akawatumia anwani mapema, nao wakaijaribu wakati kila kitu bado kinafunguka.